Roshani ya Verona, Mapaa ya Unguja

Huku kaskazini mwa Italia ninakoishi, watu hupanga foleni mtaa wa Via Cappello mjini Verona ili wapige picha chini ya roshani ya Juliet. Nyumba ni ya kale kweli. Ilikuwa ya ukoo wa Dal Cappello, na kofia, nembo yao, bado imechongwa kwenye jiwe. Jina hilo likakaribiana na Capulet, ukoo wa Juliet, watu wakaridhika. Lakini roshani ni ya juzi: Antonio Avena, mkuu wa makumbusho ya mji, aliiungaunga kwa mawe ya kale mwishoni mwa miaka ya 1930.

Foleni hainiudhi. Kinachoniuma ni Lucina kusahaulika.

Kabla ya Shakespeare, kisa cha Romeo na Juliet kiliandikwa na Luigi da Porto, askari wa Vicenza. Masimulizi ya namna hiyo yalikuwepo, ila ni yeye aliyeyahamishia Verona na kuwaita wapenzi Romeo na Giulietta. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba alikuwa akisimulia yaliyomkuta. Februari 1511, wakati wa kanivali huko Udine, alimpenda Lucina Savorgnan, jamaa yake wa upande wa mama. Tarehe 27 mwezi huohuo visasi vya koo vikalipuka mjini, majumba yakaporwa, watu wakachinjwa. Mwaka haukuisha, da Porto akajeruhiwa vitani na kupooza. Lucina akaozwa kwa Francesco Savorgnan, wa tawi jingine la ukoo. Da Porto alifariki mwaka 1529, na hadithi yake ikachapishwa baada ya hapo, ikiwa imeandikiwa Lucina kwa jina.

Sasa nije kwetu Unguja. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliishi Mji Mkongwe jirani na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwenyewe ameandika kwamba paa bapa la Mjerumani lilikuwa chini kidogo tu ya la kwake, na kwamba akiwa juu aliwaona wageni wake wakila na kuzungumza. Mapenzi yakaanzia hapo. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden; mwaka uliofuata akabatizwa na kufunga ndoa. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1870 Ruete aligongwa na tramu Hamburg akafa, Salme akabaki ugenini na watoto watatu wadogo.

Hapo mtu hahitaji kuungiwa roshani. Hata hivyo nyumbani kisa hiki tunakisimulia kwa haraka, kana kwamba tunafunika jambo. Makumbusho ya Kasri yalimtengea chumba, na hilo nalishukuru, lakini kwenye mazungumzo ya barazani Salme huwa ama binti mfalme aliyeandika kitabu, ama aliyeritadi. Mjane wa miaka ishirini na kitu, anayejifunza kupika na kuhesabu senti katika baridi ya Hamburg, hatajwi.

Waitalia wamempa msichana wa hadithi nyumba, wakamnyima Lucina hata kibao pale uani. Sisi tunaye wa kweli, na vichochoro alivyopita bado vipo. Ukizungushwa Mji Mkongwe, mwombe anayekutembeza akusimulie ya yale mapaa mawili kabla hajakuonyesha milango ya kuchonga.