Kiwira: Meza Isiyo na Nyama

Kutoka Uyole, Mbeya, barabara ya kwenda Tukuyu hupanda na kushuka katikati ya mashamba ya viazi na migomba. Ukifika Kiwira, wilayani Rungwe, huna haja ya kuuliza watu wanakula nini. Mikungu ya ndizi imepangwa sokoni ikisubiri malori. Kando yake kuna maharage, maparachichi na majani ya maboga. Mvua ni nyingi, na udongo wa volkano una rutuba. Mama wa hapa anaweza kulisha nyumba yake juma zima bila kwenda buchani.

Ndiyo maana tulipofika, akina mama wanne, mwenzetu aliyeacha nyama hakupata taabu. Yeye alikwishaamua kwamba hapendi mnyama achinjwe kwa ajili yake. Alikula ndizi zilizopikwa na maharage, akashukuru.

Ugumu ulikuja msibani. Kwa Wanyakyusa, ng'ombe si kitoweo tu. Ni mahari, ni maziwa ya watoto, na kumchinja wakati wa msiba ni kumpa marehemu heshima. Sahani ya nyama ikaletwa mbele yetu. Je, akatae na kuwaudhi wafiwa? Au ale na kuikana dhamiri yake? Bibi mmoja akamnong'oneza: "Mwanangu, nyama unaweza kuiacha. Usiache kukaa nasi." Akala ndizi, akabaki, akasaidia kuosha vyombo.

Katika kitabu cha Mwanzo, chakula cha kwanza cha binadamu ni mimea na matunda; nyama inaruhusiwa baada ya gharika. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, anawakataza waumini kudharauliana kwa sababu ya chakula. Basi uamuzi huu ni wa dhamiri, wala si fimbo ya kuwachapia wengine.

Lakini mama mpenzi, dhamiri yako isiwe njaa ya mwanao. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini huvuna chakula kingi, hata hivyo watoto waliodumaa ni wengi. Sababu mojawapo ni kumshibisha mtoto chakula cha aina moja. Ukiacha nyama, maharage, karanga na mboga za majani visikose. Maziwa na mayai yabaki kwa watoto, maana mimea haina vitamini B12.

Anayeacha nyama aiache kwa upendo: kwa mnyama, na kwa yule aliyeketi naye mezani.