Ufundi ni Mali Isiyonyang'anywa

Wasomaji wenzangu, mtu wa kwetu akitaka kupima urithi wa jirani yake huuliza ekari, na akitaka kupima elimu yake huuliza cheti. Maswali hayo ni ya haki. Lakini upo urithi wa tatu usiokuwa na hati wala muhuri, nao ni ufundi wa mikono. Leo napenda kuwasimulia habari za jamaa moja ya mafundi wa Kijerumani, kwa maana zimenisaidia kukata shauri lililonisumbua.

Karl Höfner alifungua karakana yake mwaka 1887 katika mji mdogo wa Schönbach, nchi ya Bohemia, iliyokuwa wakati ule chini ya Mfalme wa Austria. Wenyeji wengi walisema Kijerumani, na kazi iliyowalisha ilikuwa kutengeneza fidla. Ilikuwa kazi ya mji mzima: huyu alichonga shingo, yule alikunja mbavu, mwingine alitengeneza vigingi vya kukazia nyuzi, tena wengi walifanyia kazi hiyo nyumbani mwao. Baada ya Vita Kuu ya kwanza wanawe wawili, Josef na Walter, waliingia kazini pamoja na baba yao, na biashara ikapanuka hata ng'ambo.

Ndipo ikaja vita ya pili. Serikali ya Hitler iliteka sehemu hiyo ya Czechoslovakia mwaka 1938, kisha ikaiteka nchi nzima na kuwatesa watu wake. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Wajerumani walianza kufukuzwa, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Nyumba, mashine na mbao zilizokaushwa kwa miaka mingi ziliachwa nyuma. Watu walivuka mpaka na mizigo michache tu. Mji wenyewe leo waitwa Luby, katika Jamhuri ya Czech.

Jamaa ya Höfner ilianza upya huko Bavaria, kwanza katika majengo ya kambi kule Möhrendorf. Karibu na hapo palikuwa na kijiji cha wakulima kiitwacho Bubenreuth, chenye watu wasiofikia 500. Mwaka 1949 wakuu wa kijiji hicho walikubali kuwapokea mafundi wa Schönbach na jamaa zao, kama watu 2,000. Hebu fikirini, wasomaji: mwenye boma awakaribisha wageni wanaozidi watu wa nyumba yake mara nne! Mji wa mafundi ukajengwa upya, na kiwanda cha Höfner kikahamia hapo.

Karl Höfner alifariki mwaka 1955. Mnamo mwaka huo huo mwanawe Walter alibuni gitaa la besi lenye umbo la fidla, tupu ndani, jepesi kubeba. Ubunifu huo ulitoka katika kazi ya zamani: aliyejua kutengeneza fidla alitumia ujuzi ule ule kwa muziki mpya wa umeme. Mwaka 1961 kijana Mwingereza, Paul McCartney wa kundi la Beatles, alinunua moja mjini Hamburg kwa kama pauni 30. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa pande mbili za gitaa hilo zalingana, halikuonekana limegeuzwa. Sifa ya Höfner ikaenea duniani. Besi hiyo iliibwa London mwaka 1972, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba imemrudia mwenyewe.

Sasa niseme shauri langu. Mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye mimi ndiye mlezi wake, amemaliza shule na ataka kujifunza useremala. Wazee wa ukoo wamekuja kwangu wakisema ni aibu kijana aliyelelewa katika nyumba ya karani kushika randa. Afadhali angoje nafasi ofisini, au arudi kulima sehemu ya baba yake. Nawaheshimu wazee wangu. Lakini sehemu hiyo, ikigawanywa kwa ndugu wanne, haitoshi kulisha mbuzi, na nafasi za ofisini twazijua sisi tulio ndani.

Hata hivyo sikumwambia kijana kwamba mikono peke yake yatosha. Watu wa Schönbach hawakuokolewa na ustadi wa mtu mmoja mmoja. Waliokolewa kwa sababu mchonga shingo alimpata mkunja mbavu, na wote wawili wakampata mwenyeji wa kuwapa kiwanja na mfanyabiashara wa kuuza kazi yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo nimemkataza kukaa chini ya mti peke yake na msumeno. Nimemtafutia karakana yenye mafundi sita, ambao kila mmoja ana kazi yake, na nimekubali kulipa ada ya miaka miwili.

Wazee hawajaridhika, nami siwalaumu, kwa kuwa wanamwonea huruma yatima. Nimewaomba jambo moja tu: mwaka ujao, kijana atakapoleta kiti chake cha kwanza, wakikalie kwanza kabla ya kutoa hukumu.