Chupa Ilitoka Kitale, Bili Ikatungoja Bungoma

Wasee, hii stori nimeikalia wiki tatu. Kila nikishika simu niiandike, naona aibu, naiacha. Lakini kuna mtu aliniambia kwamba kama naweza kuwaonyesha sahani kila wikendi, basi niweze pia kuwaonyesha bili. Kwa hivyo leo hakuna picha. Leo ni bili.

Tulikuwa watu wanne. Majina siweki, nitawaita kivyangu. Kuna Kiminini, kwa sababu anatoka huko. Kuna Sibanga, hivyo hivyo. Halafu kuna Digrii, mwenye sherehe. Alikuwa amemaliza chuo pale Kibabii, wa kwanza kwao kuvaa joho. Sisi watatu tuko Kitale, yeye yuko Bungoma. Tukapanga tumfuate Jumamosi, tumpeleke mahali pazuri, tule, tucheke, turudi jioni. Yeye asitoe hata shilingi.

Kazi ya kuchagua mahali nikapewa mimi, si mnajua mimi ndiye wa kamera. Nikazama mtandaoni nikapata mahali Bungoma mjini pana taa za manjano, sofa, na ukuta wa majani bandia. Menyu ilikuwa na picha safi, lakini bei hazikuwekwa. Nikatuma kwa grupu. Kiminini akauliza swali moja tu: "Bei ni aje huko?"

Nikamjibu: "Maze Kiminini, usituletee ushamba." Nikaongeza vikatuni vitatu vya kucheka.

Hakuuliza tena. Shikeni hapo, tutarudi.

Ili nionekane pia najali pesa, nikaja na wazo ambalo niliona ni la akili sana: tununue waini Kitale twende nayo. Kinywaji ndani ya hoteli ya sofa kinauzwa karibu mara mbili, kila mtu anajua. Nikaingia duka la pombe karibu na steji, nikachukua waini nyekundu tamu ya Afrika Kusini, ngiri moja na soo mbili, nikalipa mwenyewe. Nikaifunga ndani ya sweta, nikaiweka kwa begi, nikajiona mtu wa maana.

Safari yenyewe ilikuwa tamu. Eldoret walipewa jiji Agosti 2024, sisi wa Kitale na Bungoma bado ni miji, lakini ukitoka mji mmoja kwenda mwingine na viatu safi, unajiskia kama umeenda majuu. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, hao. Tulipofika Lugulu, Sibanga akanong'ona nishikilie begi vizuri isigongwe ilie, kwao ni watu wa Friends na pombe hawataki hata kuinusa. Hao watu wamekaa huku Magharibi tangu wamishonari wao walipofika Kaimosi 1902, na ukiangalia vizuri, ndio moja ya sababu utakula hoteli nyingi za huku bila kuona hata chupa moja ya bia. Tukacheka. Webuye tukabadilisha gari, tukapita Bukembe, Kanduyi, tukafika.

Mahali palikuwa kama kwa picha, siwezi kudanganya. Digrii alipoingia alishika mdomo. Hiyo sura nilikuwa nimeisubiri wiki nzima.

Halafu menyu ikaletwa, na hii ilikuwa na bei.

Robo kuku na chipsi, 900. Sahani ya sambusa, 500. Maji ya chupa, 100. Nikaangalia Kiminini. Alikuwa amefungua menyu, akaifunga polepole, akaiweka chini kama mtu anayerudisha kitu dukani. Akasema, "Mimi nilikula chai nzito asubuhi. Nipatieni chipsi tu."

Chipsi peke yake zilikuwa 300.

Nikajifanya sijaona. Nikaagiza na sambusa, za katikati ya meza, za picha. Halafu kwa madaha nikatoa chupa kwa sweta.

Weita alikuwa kijana wa rika letu, na alikuwa na heshima sana. Akainama kidogo akaniambia, "Dada, pole. Ukileta kinywaji cha nje, kuna ada ya kufungua chupa. Inaitwa kokeji. Hapa kwetu ni elfu moja."

Nikamwambia, "Kufungua nini, na hii ni ya kuzungusha kifuniko tu? Haina hata kizibo."

Akatabasamu. "Najua. Lakini nikikuletea glasi na isiandikwe kwa bili, wataikata kwa mshahara wangu."

Hapo ndipo ningerudisha chupa kwa begi. Ningesema asante, tutakunywa soda. Lakini meza ya pembeni walikuwa wanatuangalia, Digrii alikuwa amevaa lile gauni lake zuri, na mimi nilikuwa nimeshasema kwa grupu kwamba kuuliza bei ni ushamba. Nikasema, "Leta glasi."

Kwa hivyo waini ya 1,200 ikawa ya 2,200. Pengine tungeagiza ya kwao tungelipa hivyo hivyo, na hatungeibeba ndani ya sweta kutoka Kitale.

Bili ikaja. Kuku watatu 2,700. Chipsi 300. Sambusa 500. Maji 300. Kokeji 1,000. Jumla 4,800. Digrii halipi, tumebaki watatu. Nikapiga hesabu kwa sauti ya furaha: "Ni 1,600 kila mtu, wasee, si mbaya!"

Kiminini alikuwa amekula chipsi za 300, amekunywa maji ya 100, na waini aliionja tu kwa ajili ya kugonganisha glasi. Alilipa 1,600. Niliona akibonyeza simu muda mrefu kuliko kawaida. Sikuuliza. Tulipofika steji akasema hatarudi na sisi, kwamba atalala kwa khocha wake Bukembe, hajamwona siku nyingi. Nikamwambia amsalimie. Nikapanda gari, nikaanza kuchagua picha.

Ukweli niliupata baadaye, na hakuniambia yeye. Aliniambia Sibanga, tukiwa tunakula ugali na matumbo kwa kibanda hapa Kitale. Kiminini alikuwa amekuja Bungoma na pesa za kuku wa kawaida na nauli, basi. Zile zilizobaki alifuliza. Baada ya kulipa hakubaki na nauli ya kurudi Kitale, hata ya kufika Bukembe. Alitembea. Kutoka Bungoma mjini, Jumamosi jioni, giza likiingia, na viatu alivyokuwa amepaka rangi kwa ajili ya sherehe. Wiki iliyofuata mama yake akamtumia pesa za kulipia mtihani, na mnajua Fuliza inavyofanya kazi: pesa ikiingia, deni linajilipa kwanza. Ikabidi amweleze mama yake kwa nini pesa za mtihani hazitoshi.

Niliacha ule ugali hapo.

Sasa, nyinyi mko haraka kunitumia ujumbe kwamba hoteli ndio wezi. Hapana. Nimekaa nikafikiria, na hiyo kokeji naielewa. Hoteli imelipia leseni ya kuuza vileo. Imenunua glasi, inalipa mtu wa kuziosha na mtu wa kuzileta. Faida yao kubwa mara nyingi iko kwa vinywaji, si kwa kuku. Ukikaa kwa sofa yao masaa matatu na chupa yako, umekalia biashara ya mtu. Na si Kenya tu. Huko Australia kuna migahawa mingi ambayo kuja na chupa yako ni kawaida kabisa, na Philadelphia kule Marekani iko nyingi hivyo kwa sababu leseni ya pombe ni ghali na ni ngumu kupata, kwa hivyo wanakuambia beba yako. Lakini hata huko mtu huuliza kabla. Kuna mahali ni bure, kuna mahali unalipia chupa, kuna mahali unalipia kila kichwa. Weita alinieleza bila kuficha. Mimi ndiye sikupiga simu ya dakika moja.

Mbona sikupiga? Aibu. Aibu ile ile niliyomrushia Kiminini kwa grupu. Sisi vijana tumeamua kwamba mtu wa mjini haulizi bei. Anaingia, anakaa, anaagiza, halafu analia kwa choo. Anayeuliza ni mshamba. Na ukiangalia vizuri, anayeuliza mara nyingi ndiye mwenye kidogo, kwa hivyo tukimnyamazisha, tunamwambia achague: akose sherehe, au akope.

Kuka wangu, baba ya mama, alikuwa akituambia kuhusu busaa ya zamani kule Kimilili. Mnajua Wabukusu hupasha tohara vijana Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na huo ndio wakati wa busaa kweli kweli. Chungu kimoja katikati, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji moto yanaongezwa. Mimi nilikuwa nafikiri uzuri wa hiyo picha ni kwamba hakuna anayehesabu. Sasa naona nilikosea. Hesabu ilikuwepo, ila ilifanywa mapema. Mahindi yalitafutwa kabla, wimbi uliloweshwa kabla, jamaa walijua nani ataleta nini. Mgeni alipoketi na kushika mrija, hakuna aliyemletea karatasi. Sisemi turudi kwa busaa, na kama hujafika 18 hata hii waini siyo yako, sheria ya 2010 iko wazi. Nasema hesabu inafanywa kabla ya watu kuketi, si baada.

Kiminini nilimwomba msamaha. Nilimpigia, sikuandika, kwa sababu kosa nilianza kwa kuandika. Nikamrudishia 1,200, yaani ile aliyolipa kupita chakula chake. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea. Akaniambia kitu kimoja: "Si pesa zilinichoma. Ni vile ulicheka."

Halafu tukarudi Bungoma, wote wanne. Safari hii nilipiga simu mahali patatu kabla hatujatoka Kitale. Nilikuwa na maswali matatu: chakula cha bei ya chini ni ngapi? Kinywaji cha nje kinaruhusiwa, na kwa ngapi? Bili inaweza kuandikwa ya kila mtu peke yake? Dakika tano zote. Hakuna aliyenicheka. Mmoja wao hata alinishukuru, akasema watu wengi huja kugombana na weita wake kwa kitu ambacho wangeuliza.

Tuliyemchagua ni mama mmoja mwenye hoteli karibu na soko. Ni Mwislamu, akanijibu kwa upole: "Mwanangu, chupa hapa haiingii hata kwa begi. Lakini kuku wangu ni wa kienyeji." Nikamwambia, "Sawa mama, chupa itabaki nyumbani." Kuku mzima na ugali wa watu wanne, 1,400. Mrenda tukaongezewa. Tulikula kwa mkono, kwa meza ya plastiki, na kukawa na vita vya firigisi kama kawaida ya nyumba za huku. Digrii akasema yeye ndiye msomi, apewe. Sibanga akasema yeye ndiye mkubwa. Mwishowe tulimpa Kiminini, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Kuku na soda, watatu tukagawana, haikufika soo sita kila mtu. Kiminini ndiye alipiga hesabu, kwa sauti, kabla hatujaagiza.

Na waini? Ilikuwa kwa keja ya Digrii, barabara ya kwenda Chwele, ikitungoja tangu tulipofika. Tuliifungua jioni, kwa vikombe vya chai, kimoja kimevunjika mkono. Kifuniko kikazungushwa, hakuna aliyetulipisha. Picha nilipiga moja tu na sitaiweka hapa.

Kwa hivyo ukipewa kazi ya kuchagua mahali, nakuomba kitu kidogo. Tuma bei pamoja na picha. Usingoje mtu aulize, kwa sababu yule anayehitaji kujua zaidi ndiye anaogopa zaidi kuuliza. Na kama wewe ndiye Kiminini wa grupu yenu, na umeona bei ukafunga menyu polepole, sema tu. Kuna mtu kwa hiyo meza ambaye pia anajifanya ameshiba.