Royal Tour Imeniacha Morogoro!

Juzi nimerudia kuiangalia 'The Royal Tour' ya 2022, ile Rais Samia anamtembeza Mmarekani Peter Greenberg. Serengeti ipo, Kilimanjaro upo, Zanzibar ndiyo usiseme. Picha safi, si mchezo! Mimi mtu wa Morogoro nikakodoa macho nikisubiri milima ya Uluguru. Wapi! Sikuiona.

Sawa, huku mlimani hatuna simba wa kupigwa picha. Lakini panda mpaka Morningside, kwenye nyumba waliyojenga Wajerumani, usikilize maji yanavyoteremka. Mto Ruvu unaanzia milima hii, na Dar es Salaam wanaunywa. Na miti inafyekwa kupisha mashamba, bwana. Mwenye kamera aanzie huku juu, amalizie kwenye ndoo ya Manzese. Tiketi nitalipa mwenyewe.