Kwa Miguu Hadi Sanje

Basi la Ifakara linapoingia Mikumi, waliolala huamka. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na dereva hana budi kupunguza mwendo, maana ukigonga mnyama unalipa faini kubwa. Abiria wa kulia wakamwona twiga, wa kushoto wakainuka, simu zikatolewa. Muda si muda kila mtu akarudi usingizini. Wengi wetu pori tumeliona hivyo tu, dirishani, tukiwahi msiba au harusi.

Mimi safari hii pori ndilo nililokuwa naliendea, kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja wa Ifakara niliyekaa naye aliniuliza nafikia kwa nani Mang'ula. Nikamwambia siendi kwa mtu, nakwenda kupanda milima ya Udzungwa.

"Umetumwa na ofisi?"

"Hapana mzee wangu. Kutembea tu."

"Kwa hela yako?"

Akatikisa kichwa, kisha akaingia kwenye habari ya vyura. "Haya ndiyo yale yale ya Kihansi. Sisi umeme unakatika, chura anamwagiliwa maji kwa bomba." Basi zima likacheka, na hadi tunafika Kidatu mjadala ulikuwa haujaisha.

Alikuwa anazungumzia jambo la kweli. Korongo la Kihansi liko kwenye milima hiyo hiyo, upande wa kusini. Mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira kwa ajili ya bwawa la umeme, waligunduliwa vyura wadogo wa rangi ya dhahabu ambao hawatagi mayai bali huzaa. Waliishi kwenye kama hekta mbili tu za majani yaliyolowana kwa manyunyu ya maporomoko, na hawakupatikana kwingine kokote duniani. Bwawa lilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakoma. Vikawekwa vifaa vya kunyunyizia maji, na vyura 499 wakasafirishwa kwenda kutunzwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Waliobaki korongoni walipukutika mwaka 2003, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vya wale waliokwenda Marekani vikaanza kurudishwa Kihansi. Mwenye kulipia luku kila wiki akisikia habari hii, lazima aulize kama mzee yule: hao wana faida gani?

Sikumjibu. Nimekulia Mbagala, ambako kiwanja kisichofyekwa ni maficho ya nyoka na vibaka, na mwenye nacho husemwa mtaa mzima.

Mang'ula ni mji mdogo uliobanwa. Upande mmoja ni miwa na mpunga wa bonde la Kilombero hadi macho yanapochoka, upande wa pili mlima umesimama ghafla, mweusi kwa miti. Jioni ile walikuwa wanachoma mashamba ya miwa kabla ya kuvuna, na majivu yalidondoka hadi kwenye meza ya chakula. Mama mwenye nyumba ya wageni aliyafuta kwa kiganja, akaniwekea wali na samaki, akaketi.

"Mwanangu, unakwenda kwenye yale maji ya Sanje? Mimi nimezaliwa hapa, mlima nauona nikifungua dirisha. Maji yale sijayafikia."

Nikamuuliza kwani hakuwa akiingia msituni. Akasema alikuwa akiingia sana. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1992, wanawake wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, hadi ruhusa ilipofutwa mwaka 2011. Siku hizi anapikia mkaa, na ukipanda bei anatumia pumba za mpunga. Tembo nao hushuka usiku kula migomba. Aliyasema haya bila hasira, akiendelea kuchambua mchele wa kesho. Kila ninaposoma sifa za misitu yetu zilizoandikwa na watu wanaopikia gesi, namkumbuka.

Asubuhi nilichukua bodaboda hadi kijiji cha Sanje. Tokea barabarani unaona mstari mweupe mlimani: ndiyo maporomoko yenyewe, mita 170. Udzungwa ina kilomita za mraba 1,990 na hutembelewa kwa miguu. Kijana wa hifadhi aliyeniongoza aliniambia niingize suruali ndani ya soksi, na tulipokuta siafu wamefunga njia nikajua kwa nini.

Mwanzo ni jasho tupu. Kisha msitu unakufunika na joto linapungua. Mvule, ambao mimi niliujua kama mlango, ulikuwa umesimama mzima, mizizi yake imeinuka ardhini kama kuta za nyumba isiyoezekwa. Mbega wekundu walituona kabla hatujawaona, wakapiga kelele, wakahama. Mbali zaidi ukasikika mlio mwingine wa kububujika. Kijana akasema, "Huyo ng'olaga." Watafiti walimtambua kima huyo mwaka 1979 tu, kwa kusikia sauti yake msituni humu, na mwenyeji waliyefuatana naye ndiye aliyewaambia ni mnyama gani. Wawindaji walikuwa wanamjua miaka yote.

Mbele kidogo kijana akainua mkono. Njiani kulikuwa na kinyesi cha tembo, kibichi. Tukasimama. Sijui ni kwa muda gani. Najua tu kwamba niliogopa, na woga ule ulikuwa mgeni kwangu. Hofu zangu za Dar zote zina mwenyewe: mwenye nyumba, kibaka, dereva mlevi. Mjini kila kinachopaza sauti kina shida na mimi: konda, kipaza sauti cha muuza sumu ya panya, mhubiri wa stendi, ujumbe wa mkopo kwenye simu. Mle msituni sauti zilikuwa nyingi mno na hakuna hata moja iliyokuwa inaniita. Tembo yule, kama alikuwapo, hakuwa na habari nami. Hata ufukweni Coco, ninakokwenda kupumzika, kila hatua kumi kuna mtu ameweka meza kwa ajili yangu. Hapa hapakuwa pametengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote, na nilijiona mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo.

Husimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere, aliyetia sahihi Ilani ya Arusha ya 1961 ya kuhifadhi wanyamapori, mwenyewe hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba. Alijua tu kwamba wageni wataleta fedha. Hesabu hiyo imelisaidia taifa. Lakini ukiitumia peke yake, chura wa Kihansi atashindwa, na kesho mbega, na kesho kutwa mvule. Sikubali kwamba kila kiumbe lazima kitueleze kimekuja kutufanyia nini.

Na mzee wangu wa basini, hata kwenye faida hakupiga hesabu yote. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii ukaacha mvua, misitu ikaihifadhi, na mito ikatiririka mwaka mzima hadi Kihansi, kwenye mitambo ya megawati 180. Msitu ukifyekwa, atakosa chura na umeme pia.

Tulifika kwenye maji mchana. Nilioga kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko. Maji yana baridi ya kukata pumzi. Kutoka juu kule bonde zima linaonekana: miwa, reli ya TAZARA, mabati ya Mang'ula yakimetameta.

Wenye mamlaka ya hifadhi nawaomba jambo moja. Wanawake wa Sanje na Mang'ula walinyang'anywa siku yao ya kuni, na sababu zilizotolewa nazielewa. Basi wapeni siku nyingine, hata moja kwa mwezi, waingie bure na watoto wao, wapande hadi kwenye maji.