Moyo Unapokimbia



Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Malaria, upungufu wa damu, kiu kali au woga huweza kuyapandisha mapigo hayo. Chanzo kikitibiwa, hushuka polepole. Lakini kuna mbio za namna nyingine: huanza ghafla, mapigo yakafika 180 au hata 200, kisha hukoma ghafla vilevile.

Hapa Kibombo, ghafla hiyo ndiyo iletayo msiba. Msichana ashikwe na moyo katikati ya wimbo, apone mbele ya macho ya watu, na kabla ya jioni jina la bibi kizee fulani limekwisha kutajwa. Nimeketi katika mabaraza ya namna hiyo. Anayetajwa hana pa kukimbilia.

Kumbe jambo lenyewe laelezeka. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo unaotoka juu ya moyo na kushuka kwa njia moja. Wengine huzaliwa na njia ya pili. Siku moja umeme ukishuka kwa hii na kupanda kwa ile, huzunguka pasipo kukoma, na moyo huufuata.

Mara nyingi mzunguko huo hukatika bila dawa. Mgonjwa aketi ameegama, apulize kwa nguvu ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano kwa sekunde 15, kana kwamba asukuma kifimbo chake. Mara alazwe chali, mwenzake amwinulie miguu. Madaktari wa Uingereza walilipima jambo hili mwaka 2015: wagonjwa 43 katika 100 walitulia, ilhali waliopuliza bila kuinuliwa miguu walikuwa 17 tu. Muuguzi na awafundisheni kwanza. Hospitali kubwa zina dawa ya mshipani, adenosini, na nyingine huweza kuichoma ile njia ya ziada.

Akizimia, akiumwa kifua au akikosa pumzi, msijaribu lolote. Apelekwe mara moja.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, aliwaheshimu waganga na dawa bila kupunguza sala. Basi mmoja asali, na mwingine ashike kifundo cha mkono, ahesabu mapigo dakika nzima na kuandika: yalikuwa mangapi, yalianza saa ngapi, yalikoma vipi. Karatasi hiyo apewe muuguzi. Na kama baraza limekwisha kuitwa, isomwe na humo pia, kabla jina la mtu yeyote halijatamkwa.