Chole, Bandari Iliyonyamaza

Wengi wenu mmesikia sifa za bandari kubwa za Asia, kama Bombay na Maskati: wingi wa vyombo, makelele ya wachukuzi, harufu ya viungo na ya samaki, na watu wa kila lugha wakipigana vikumbo sokoni. Mimi leo nitawapa habari za bandari ndogo ya kwetu, iliyokuwa kama ndugu yao, na matajiri wake wengi asili yao ni huko. Jina lake ni Chole. Siku hizi haina makelele. Lakini mambo niliyoyaona huko kwa siku tatu ni mageni kabisa, wala sijayasahau.

Chole ni kisiwa kidogo sana. Mtu mwenye miguu mizima hukizunguka kwa asubuhi moja. Kimekaa katika ghuba, kati ya kisiwa kikubwa cha Mafia na kisiwa cha Juani. Mtu atokaye bara hupanda chombo Nyamisati, karibu na milango ya mto Rufiji, akashuka Kilindoni. Toka hapo huenda kwa gari mpaka Utende, upande wa mashariki, kisha huvuka kwa mashua. Maji ya ghuba ni safi hata matumbawe huonekana chini, nayo tangu mwaka 1995 yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyo ya kwanza ya namna yake katika Tanzania. Watu wa Chole ni Waislamu. Walinipokea mimi mgeni kwa upole mwingi, wala sikulala na njaa hata usiku mmoja.

Kabla ya kuingia mjini, yafaa msomaji azifahamu pepo mbili, maana ndizo zilizoujenga mji huu. Upepo wa kaskazi, uvumao toka Desemba hata Machi, uliwaleta Waarabu na Wahindi na majahazi yao. Upepo wa kusi, uanzao Aprili, uliwarudisha makwao. Basi mwaka ulikuwa kama nyumba yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Wageni walileta nguo, vyombo vya udongo na tende. Walichukua nazi, magamba ya kasa, mikeka na kauri. Kauri za pwani hii, katika karne ya 19, zilinunuliwa Unguja na wafanya biashara wa Hamburg, wakazipeleka Afrika ya magharibi, na huko zikatumika kama fedha. Mtoto wa Mafia aliyeokota kauri ufukoni hakujua ya kuwa anaokota fedha ya mtu asiyemjua, katika nchi asiyoisikia.

Zamani mji mkubwa ulikuwa Kua, kule Juani. Mwaka 1829 hivi Wasakalava wa Bukini walikuja na mitumbwi mingi ya vita, wakaupiga mji, wakawachukua watu mateka. Kua haikuinuka tena, na magofu yake yapo hata leo. Ndipo Chole ikawa mji. Waarabu wakajenga majumba ya mawe, Mabaniani wakafungua maduka na kujenga hekalu lao. Mwaka 1890 Wadachi waliipata Mafia pamoja na pwani ya bara, wakamlipa Sultani wa Unguja mark milioni 4, nao wakaweka serikali yao Chole. Lakini mwaka 1913 waliihamishia Kilindoni, kwa kuwa merikebu kubwa hutia nanga huko kwa urahisi zaidi. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza wakaitwaa Mafia yote. Basi serikali ikahama, wenye maduka wakahama, na Chole ikanyamaza.

Ajabu ya kwanza niliyoiona ni kuta. Ukipanda toka pwani huingia katika njia iliyo chini ya miembe na mibuyu, na mara waona ukuta mrefu uliokumbatiwa na mizizi minene kama mapaja ya mtu. Ni mti wa jamii ya mkuyu. Mbegu yake huangukia juu ya ukuta, ikaota katika ufa, ikateremsha mizizi mpaka ardhini. Mtu akitazama mara moja husema, mti huu umeuharibu ukuta. Akitazama mara ya pili huona ya kuwa chokaa imekwisha kulika, dari imekwisha kuanguka, na mawe yaliyobaki yameshikwa na mizizi tu. Ukiukata mti, ukuta utaanguka siku hiyo hiyo. Ndivyo lilivyo gereza la Wadachi, na ndivyo lilivyo hekalu la Mabaniani: jela na mahali pa ibada, vyote viwili vimo katika mikono ya mti mmoja.

Ajabu ya pili ni popo. Mchana huning'inia katika miti mikubwa kwa mamia, kichwa chini, wakijipepea kwa mabawa kama mabibi wakati wa joto, tena wakigombana kwa sauti kubwa. Si popo wadogo wa darini. Mabawa yao yakinyoshwa hufikia karibu mita moja, na uso wao ni kama wa mbwa mdogo. Hula matunda. Jua likizama huondoka makundi makundi, wakavuka maji kwenda kutafuta chakula Mafia, na alfajiri hurudi. Sasa sikieni: popo wa jamii hii hawapatikani kabisa katika bara la Afrika. Huishi Mafia na Ngazija, wenzao wako Pemba na Bukini, na jamaa zao wengine wengi wako Bara Hindi na katika visiwa vya Asia. Kwa hiyo hata mnyama wa Chole ana ukoo ng'ambo ya bahari, kama walivyokuwa wenye majumba. Wenye majumba wameondoka, yeye amebaki. Naye alapo matunda ya mkuyu hudondosha mbegu juu ya kuta. Wenyeji hawapendi auawe.

Ajabu ya tatu iko pwani, nayo ni mafundi wa vyombo. Nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya gogo, na vijana wawili wakimfanyia kazi. Jina lake sitalitaja, maana ndivyo alivyotaka. Mkuku ulikuwa umekwisha kulazwa, na mataruma yamesimama pande zote mbili kama mbavu za ng'ombe. Hapakuwa na karatasi wala mchoro. Mzee hutazama mti uliopinda msituni, akajua utafaa taruma la wapi. Kijana huuchonga kwa tezo, wakaujaribu, wakautoa, wakauchonga tena, hata ukakaa. Mbao hutobolewa kwa keke, zikapigwa misumari, na nafasi kati ya ubao na ubao hukalafatiwa kwa pamba iliyochovywa mafuta, ili maji yasiingie.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Karibu kivulini." Tukaongea habari za miti na bei ya misumari. Kisha nikamwuliza, "Mzee, majumba yale ya juu, nani aliyeyajenga?" Nilitazamia kusikia jina la Mwarabu tajiri. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Waliojenga hawakulala ndani."

Akanieleza kazi yake ilivyokuwa, kama alivyosimuliwa na bibi yake. Watumwa walivunja matumbawe kwa mitaimbo, wakayabeba kichwani toka pwani. Walikata magogo, wakayapanga duara, wakaweka mawe juu yake na kuyachoma mpaka yakawa chokaa. Wengine walipanda minazi na kuangua nazi za mabwana zao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini mashambani watumwa walibaki watumwa. Wadachi walitoa amri ya kuwa kila mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Utumwa wenyewe ulikomeshwa na sheria ya Waingereza mwaka 1922.

"Bibi yangu," akasema mzee, "alizaliwa kabla ya amri ile, na mdogo wake alizaliwa baadaye. Tumbo moja, ziwa moja, kitanda kimoja. Mmoja mtumwa, mmoja mwungwana. Wakicheza, wakigombana, yule mdogo akimwambia mkubwa, Wewe si mwenzangu. Mama yao akalia."

Nikamwuliza, "Na walipokuwa watu wazima?" Akasema, "Walizikwa pamoja. Mdogo ndiye aliyeusia hivyo." Kisha akainama kuangalia ubao, akamwambia kijana, "Mwanangu, hapo ondoa kidogo tu." Nikafahamu ya kuwa maneno hayo yamekwisha, wala sikumwuliza zaidi. Mambo hayo kwetu pwani hayasemwi ovyo. Mtu anaweza kumtia jirani yake aibu kwa neno moja juu ya asili yake.

Wasomaji wangu, tangu siku hiyo nimeyafikiri sana maneno ya mzee. Wageni wengi hufika Chole, nao huuliza jumba hili lilikuwa la nani, gereza hili la nani. Ni wachache waulizao mawe yalibebwa na nani. Lakini tazameni yaliyobaki. Mwenye jumba hayuko, na jumba lake limeshikwa na mti usioupanda yeye. Walio wa ukoo wa wabeba mawe wapo, katika nyumba za udongo na makuti, nao ndio wenye kujua tezo, upepo, na miti ya msituni. Biashara ilipohama hawakuhama nayo, wakaendelea kuunda vyombo. Na chombo hakimwulizi fundi asili yake.

Kwa hiyo nawaomba ninyi walimu, hasa mlio karibu na Kilwa, Bagamoyo, Pangani na Lamu, maana kote huko mna magofu. Mkiwapeleka watoto kuyatazama, msiwafundishe majina ya masultani na miaka tu. Wawekeni mikono yao juu ya mawe, wapime uzito wa jiwe moja, waambieni kadiri ya mawe yaliyo katika ukuta mmoja. Tena kama yuko mzee mwenye kukumbuka, mwendeeni kwa adabu, bila haraka, mmsikilize mpaka atakaponyamaza mwenyewe. Nyumbani nako, baba na mama, mtoto akimdharau mwenzake kwa ajili ya ukoo wake, msimulieni habari za ndugu wawili wa Chole, waliotengwa na tarehe, wakalala kaburi na kaburi.